Mwaka mpya umeingia, kaye (daftari) ni ile ile: tuongee juu ya kuanza upya

Mwana-Ndosho (mwanzisha uzi)
2 Januari 2026

Bonane kwenu wote.

Kwa ndugu zetu wa Tanzania na Kenya: Bonane ndiyo heri ya mwaka mpya kwetu Kivu. Neno limetoka kwenye Kifaransa, bonne année, ila limekaa mdomoni mwetu mpaka limegeuka jina la sikukuu yenyewe. Tangu jana asubuhi watoto wa mtaa wanapita mlango kwa mlango na nguo mpya, wananukia mafuta, wanapaza sauti "Bonane!" kisha wanasimama kimya wakingoja. Usipompa mtoto kitu haondoki. Mama alikaanga mandazi kwa ajili yao, na kufika saa sita mchana beseni lilikuwa tupu.

Mimi nasoma ujenzi hapa Goma, niko L3, yaani mwaka wa tatu wa chuo. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu usiku wa mukesha na naomba tulijadili bila haraka.

Usiku ule kanisani tuligawiwa vipande vya karatasi. Mchungaji akasema kila mmoja aandike anachotaka kiishe na mwaka wa 2025, halafu tutupe karatasi zote kwenye moto pale nje, tuingie 2026 tukiwa weupe. Watu wakaandika. Mama mmoja mtu mzima aliyekaa karibu nami alijaza mbele na nyuma, akaomba karatasi ya pili. Mimi nilishika biki nikashindwa. Ya kuchoma ninayo mengi. Ila nilikumbuka kwamba mwaka mmoja nyuma, usiku kama ule ule, niliandika pia, tena si kwenye karatasi ya kuchoma. Niliandika kwenye kaye mpya.

Nilipofika nyumbani nikaitafuta. Nimeikuta chini ya meza ambayo mama anauzia mbele ya nyumba. Kaye ya kurasa 100, jalada la bluu, kona moja imeliwa na maji. Ukurasa wa kwanza ni mwandiko wangu, mistari nimepiga kwa rula: 1 Januari 2025. Kuamka saa kumi na moja. Kusoma kabla ya kutoka. Kuweka dola tano kila mwezi. Kumpigia bibi simu kila siku ya Mungu (Jumapili). Na la mwisho nimelipigia mstari mara mbili: kumaliza deni la zege. Ukurasa wa pili nilichora vyumba vya siku, kila jioni naweka alama. Alama zinakwenda, siku mbili tatu nimeruka, halafu zinaishia tarehe 23. Baada ya hapo vyumba ni vyeupe.

Aliyekuwa Goma wiki ile anajua. Tarehe 27 vita ilikuwa ndani ya mji. Siasa yake siileti hapa na naomba na ninyi msiilete, uzi utaharibika. Nasema tu kwamba tulilala chini ya vitanda, umeme hakuna, maji hakuna, mawasiliano hakuna, na baadaye benki zikafungwa. Chumba cha tarehe 24 nani angekikumbuka?

Lakini kilichonishika ni ukurasa wa tatu. Pale mwandiko ni wa mama.

Mama anauza makala (makaa), maharagi na unga. Februari ile alikosa mahali pa kuandikia madeni, akachukua kaye yangu bila kuuliza, akaanza pale nilipoachia. Mama wa mapacha, maharagi kilo mbili. Motari (mwendesha pikipiki) wa kona, makala nusu gunia. Mwalimu, unga makopo matatu. Fundi viatu, unga. Fundi viatu, unga. Fundi viatu, unga. Mtu akilipa, mama anapitisha mstari mmoja tu, jina linabaki linasomeka chini yake. Nimefungua kurasa zote hadi mwisho nikiitafuta Bonane. Nilitaka kuona mahali Desemba inapokatika na Januari inapoanza. Sikupaona. Tarehe 31 kuna mtu kachukua makala. Mstari unaofuata ni wa leo, tarehe 2, mtu mwingine, maharagi. Hakuna nafasi katikati, wala hakuandika mwaka.

Nikamwuliza: Mama, mbona hukufungua ukurasa mpya? Akajibu huku anachambua maharagi, hata hakuinua kichwa: "Nikifungua ukurasa mpya, wenye deni watasahau, na mimi nitasahau."

Sasa nieleze deni langu la zege. Mfumo wa LMD (licence, maîtrise, doctorat) ulienea vyuo vya Kongo mwaka wa masomo 2021-2022. Mwaka mmoja wa masomo una krediti 60. Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, alisoma mfumo wa zamani, ambao ukianguka hata sesion ya pili (mtihani wa marudio), unadubula, yaani unarudia mwaka. Yeye alidubula G2, mwaka wa pili wa mfumo ule. Anasimulia jinsi alivyokaa tena kwenye benchi lile lile, na watu wakimfariji kwamba amepewa nafasi ya kuanza upya. Sisi wa LMD ukikosa krediti chache unapanda, ila unapanda na deti, yaani deni la kozi. Ndivyo tunavyosema chuoni: nina deti mbili, nina deti ya hesabu. Uko L3 na wenzako, halafu siku ya kozi ile unashuka kukaa na wadogo wa L1. Wanakutazama wakati unatafuta kiti. Wanajua umefuata nini.

Deti yangu ni kozi ya vifaa vya ujenzi, sehemu ya zege. Nimeibeba mwaka wa pili sasa. Miaka hiyo yote nimekuwa nikimwonea yaya wivu kwa kudubula kwake, nikijiambia heri ningefutiwa yote nikaanza kweupe kuliko kutembea na kitu kimoja mgongoni. Ile kaye imenivuruga. Mama hajawahi kuwa na Januari nyeupe maishani mwake, na biashara yake imevuka mwaka ambao orodha yangu haikuvuka mwezi.

Ninyi mnaanzaje upya? Mnachoma, au mnabeba?


Mpita-njia wa Morogoro
2 Januari 2026

Heri ya mwaka mpya, mdogo wangu. Kwetu Tanzania Januari ni mwanzo wa kweli kwa sababu shule zinafunguliwa. Mtoto anaingia darasa la kwanza, mwingine kidato cha kwanza, sare mpya, madaftari mapya, na mzazi anatafuta ada huku mfuko umekauka kwa sikukuu. Ninyi shule zenu zinaanza Septemba, kwa hiyo Januari inakukuta katikati ya safari. Labda ndiyo maana unaona kaye haikatiki. Kaye yako ilishaanza miezi minne nyuma.


Mwana-Ndosho (mwanzisha uzi)
2 Januari 2026

Hilo sikuwahi kulifikiria, asante sana kaka. Ni kweli, Januari mimi niko katikati ya kozi na deti zimeshapangwa kwenye ratiba. Halafu kuna Septemba, ndugu zangu wadogo wanaponunuliwa mabegi, na hapo ndipo mama anahema kama wazazi wa kwenu wanavyohema Januari.


Mzee wa Birere
3 Januari 2026

Mwanangu, nimesoma maneno yako mara mbili. Nina jibu refu kidogo, unistahimili.

Wewe umeandika Januari moja. Sisi tuliokaa mji huu muda mrefu tunazo nyingi. Tarehe 10 Januari 1977 nilikuwa mtoto, mlima wetu wa moto, Nyiragongo, ulipasuka na ziwa lake la moto likamwagika kwa muda usiofika saa moja. Uji ule ulikimbia kuliko mtu, kuliko gari. Vijiji vya kaskazini ya mji viliondoka na watu wake. Baba yangu alikuwa na ndugu huko. Halafu tarehe 17 Januari 2002, siku ya nne (Alhamisi). Asubuhi mlima ukafunguka ubavu wa kusini, alasiri moto ulikuwa mjini, ukapita katikati ya maduka mpaka ziwani. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu likaisha. Kichwa cha kaskazini cha uwanja wa ndege kikafunikwa. Tulivuka kwenda Gisenyi na vitu vya kubeba kichwani, na baada ya siku chache watu wakaanza kurudi, mawe bado yana joto, soli ya kiatu unaisikia inalainika.

Nataka kukuambia kitu kimoja cha siku ile ya kurudi, maana wengi wakisimulia wanasimulia moto tu.

Nyumba yangu ilikuwa ya mbao. Sikukuta msumari. Lakini kulia kwangu hakukuwa kwa ajili ya nyumba. Nilikuwa sijui kiwanja changu kiko wapi. Jiwe jeusi lilikuwa limejaa kupita urefu wa mtu, linafuka moshi, na mparachichi niliokuwa naupimia haupo, barabara haipo, mtaro haupo. Tulisimama juu yake, mimi na jirani yangu, tukaanza kubishana. Mlango wako ulitazama huku. Hapana, choo chako ndicho kilikuwa huku. Tulitafuta kitu kilichobaki, tukaona jengo moja la ghorofa, sakafu yake ya chini imezikwa na dirisha la juu liko usawa wa miguu yetu. Tukahesabu hatua kutoka kona yake. Hatua 40 hadi mlangoni kwake, hatua 12 hadi kwangu. Tulirudia mara tatu mpaka tukakubaliana. Ndipo nikaweka mawe manne madogo kwenye pembe.

Huo ndio ulikuwa mwanzo wangu, hatua zile na mabishano yale. Kama jirani angekuwa amekufa au amenichukia, mpaka leo nisingejua wapi pa kuanzia. Ukuta ninaouegemea nikiandika hapa ni wa jiwe lile lile, tulilipasua kwa nyundo nzito na patasi mimi na watoto, likajenga nyumba na likabaki la kujengea uzio.

Karatasi za kuchoma sizipingi, kila kanisa na njia yake. Ila mama yako anajua kupima hatua. Msalimie.


Mtu wa Makunduchi
3 Januari 2026

Assalaam alaykum, na shikamoo Mzee wa Birere. Pole sana kwa yaliyowafika.

Nawaletea ya Unguja. Sisi watu wa kusini, mwaka wetu wa asili unaingia Julai. Tunauita Mwaka Kogwa, na wazee wanasema asili yake ni Nairuzi ya Waajemi. Kogwa ni kuoga, yaani mwaka unaoshwa. Kabla ya kula na kucheza, wanaume wanatoka uwanjani na migomba mikononi wanapigana. Wanapigana kweli, ingawa mgomba hauvunji mfupa. Mwenye kinyongo na mwenziwe tangu mwaka uliopita anakitolea hapo hadharani, kisha wakishamaliza wameshamaliza. Kibanda cha makuti kinatiwa moto, na aliye ndani anatoka mbio. Wanawake wanaimba, na maneno ya nyimbo zao hayamfichi mtu. Halafu chakula, na nyumba isiyopata mgeni siku hiyo haifurahi.

Nimeleta haya kwa sababu ya zile karatasi zenu. Kwetu pia kuna moto. Lakini kabla ya moto kuna mtu unayemdai, au anayekudai, amesimama mbele yako na anakutazama usoni. Huchomi jina lake ukaenda kulala.


Dada wa Kadutu
4 Januari 2026

Nawasalimu kutoka Bukavu. Nimewasikiliza wote na nitapinga, kwa heshima.

Nilisoma udaktari miaka miwili. Papa, yaani baba yangu, ndiye aliyetaka. Alikuwa amenipa jina la utani "Daktari" tangu nikiwa shule ya msingi, na akilewa furaha anawaita majirani waje wamwone daktari wake. Mwaka wa kwanza nilipita kwa shida. Wa pili nikabeba deti tatu. Nilizibeba kama mnavyosifia hapa, nikajiambia nitavumilia, deni halimwui mtu. Nilifika mahali pa kuamka usiku nikiwa nimesimama mlangoni, sijui nakwenda wapi.

Niliacha. Nikaenda kilimo, nikaanza L1, krediti zero. Hakuna hata moja ya zamani iliyonifuata. Niliingia ndani ya darasa la watoto waliotoka sekondari jana, nikakaa mbele, na nakumbuka mwalimu aliandika tarehe ubaoni na mimi nikaiandika kwenye kaye, nikahisi mkono wangu mwepesi. Papa hakunisemesha miezi mitano. Leo ananiomba nimtazamie migomba yake inayokauka.

Kuna madeni ambayo si yako. Mtu aliyaandika kwa jina lako. Ukiyabeba miaka kumi bado si yako.

Na Mzee, samahani, Goma mna jiwe. Ukijenga juu ya jiwe nyumba inakaa. Sisi Bukavu tuna udongo na mteremko. Kila mvua kubwa kuna mahali panabomoka, Kadutu hasa, na kila mara watu wanarudi palepale, wanapima hatua zile zile, wanasimamisha mbao pale pale, kwa sababu ndiyo parseli (kiwanja) yao na hawana nyingine. Msimu unaofuata udongo unashuka tena na kuwakuta wamelala. Nimezika mwanafunzi mwenzangu kwa njia hiyo. Kuna mahali hapafai kurudiwa hata kama unajua mpaka wake kwa sentimita.


Mwana-Ndosho (mwanzisha uzi)
4 Januari 2026

Dada, nimesoma nikaweka simu chini. Pole kwa mwenzako.

Sina la kukupinga kwenye udaktari. Ulichoacha kilikuwa cha papa. Mimi ujenzi niliuchagua mwenyewe, na zege sikuanguka kwa sababu silipendi, nilianguka kwa sababu nilisoma usiku mmoja kabla ya mtihani nikadhani inatosha. Kwa hiyo labda swali langu la kuchoma au kubeba lilikuwa limepinda. Ningeuliza kwanza ni deni la nani.

Lile la mteremko linanifaa hata kitaaluma. Nitalipeleka darasani, maana sisi wa Goma tunasoma juu ya mwamba na tunasahau kwamba ng'ambo ya ziwa watu wanajenga juu ya kitu kinachotembea.


Mkatanga wa Kamalondo
4 Januari 2026

Jambo kutoka Lubumbashi, mvua inanyesha tangu asubuhi.

Leo ni tarehe 4 na hakuna aliyeitaja. Ni siku ya Mashahidi wa Uhuru, kwa ajili ya waliouawa Léopoldville (Kinshasa ya leo) mwaka 1959. Tarehe 16 tunamkumbuka Rais Laurent-Désiré Kabila aliyeuawa 2001, na 17 Patrice Lumumba, ambaye aliuawa 1961 huku kwetu Katanga, si mbali na mji huu ninaoandikia. Mkongomani anamaliza nyama ya Bonane na anaingia moja kwa moja kwenye kumbukumbu za wafu. Nikiwa mdogo nilidhani serikali ilikosa mahali pengine pa kuziweka. Siku hizi naona inatufaa. Hatuachwi tukajidanganya kwamba Januari imeshuka kutoka mbinguni haina mtu nyuma yake.

Halafu kitu kidogo cha lugha, maana humu kuna watu wa pwani. Kwao juma linaanzia Jumamosi, ile "mosi" ni moja, siku ya kwanza. Sisi siku ya kwanza ni ile wao wanayoita Jumatatu, siku ya kwanza ya kazi, na Jumamosi yao ni siku yetu ya posho, siku mfanyakazi alipokuwa akigawiwa unga wake wa juma. Mwanzo wa mmoja ni malipo ya mwingine. Lugha ni moja na hata juma hatulianzi pamoja.


Mtu wa Makunduchi
4 Januari 2026

Siku ya posho! Hilo ndilo limenifurahisha leo. Nitamwambia babu.


Mwana-Ndosho (mwanzisha uzi)
17 Januari 2026

Nimenyamaza wiki mbili kwa sababu nilipata kazi ya mkono, na nimerudi kuwaeleza.

Kuna jirani ana nyumba ambayo tangu 2019 imesimama nusu. Ukipita Goma utaziona nyingi za namna hiyo: nguzo zimefika juu ya dari, na kwenye kila nguzo vyuma vinne vinatoka kichwani vinatazama mawingu. Vinaitwa vyuma vya kusubiri. Mwenye nyumba anaviacha makusudi ili siku akipata pesa aunganishe ghorofa. Wengine wanavivisha chupa za plastiki visioze. Miaka yote nilipita chini ya vile vya jirani nikaona ni alama ya mtu aliyeshindwa.

Jirani amepata pesa kidogo, amemwita fundi, na fundi akanichukua kama msaidizi kwa sababu anajua nasoma ujenzi. Siku ya kwanza nilidhani tutachanganya zege. Akanipa nyundo na patasi, akaniambia panda juu, kachakaze vichwa vya nguzo.

Nikamwuliza kwa nini niharibu zege zuri. Lilikuwa laini kabisa, limepigwa mwiko vizuri 2019, na mvua za miaka imelisugua likang'aa. Akasema: "Hapo ndipo tatizo. Jipya halishiki kwenye laini." Nikaanza kupiga. Siku mbili nzima, nguzo sita. Unapiga mpaka ngozi ya juu itoke na kokoto nyeusi zianze kuonekana, zile za lava, zinatokeza kama meno. Halafu unafagia vumbi lote, kwa brashi, kwa mdomo, kwa kitambaa. Halafu brashi ya waya kwenye vyuma, kutu inayobanduka itoke, ile iliyoshika kabisa haina madhara. Halafu maji. Zege la zamani unalinywesha tangu jana yake, kwa sababu likiwa kavu litanyonya maji ya zege jipya na mahali pa kuungana patakuwa unga. Ndipo unamwaga.

Nilikuwa juu ya ile nguzo ya nne, mikono ina malengelenge, nikakumbuka kwamba hili lote liko kwenye kozi yangu. Ukurasa mzima. Namna ya kuendeleza zege juu ya zege lililokwisha kuwa gumu. Ndilo swali la kwanza nililoachia tupu kwenye mtihani.

Tumemwaga juzi. Kazi ya sasa ni ile ambayo watu wengi wanaidharau, kumwagilia. Watu wanadhani zege linakauka kama nguo. Halikauki, linakula maji. Simenti na maji vinashikana polepole, na ukiliacha lichomwe na jua siku za kwanza linapasuka nywele nywele na nguvu haliipati. Siku saba za kulilowesha bila kukosa, na hesabu ya nguvu yake inafanywa siku ya 28. Huku mtaani kwetu Ndosho maji ni shida mnajua, na Januari hii mvua imepumzika. Bomba halijatoa tangu siku ya nne. Tunanunua kwa bidoni la lita 20, yanakuja kwa chukudu (baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo), na nusu ya bidoni inaishia kwenye magunia tuliyozungushia nguzo. Jana jirani mmoja alisimama akatutukana, watoto hawana maji ya kupikia na ninyi mnanywesha ukuta. Ana haki ya kuumia. Fundi alimpa bidoni moja.

Mzee wa Birere, leo ni tarehe 17. Nimekukumbuka nikiwa kule juu, mlima ulikuwa wazi kabisa, hauna wingu, na moshi wake mdogo umelala upande wa magharibi. Mama alikuwa na mimba yangu siku ile ya 2002. Alivuka kwenda Gisenyi na kirago kimoja. Nilimsomea maneno yako juzi, akacheka pale pa choo cha jirani, akasema kwao ilikuwa hivyo hivyo, waligombania mahali pa jiko.

Dada wa Kadutu, nilimwuliza fundi swali lako. Nikamwambia, na kama zege la chini limeoza, tukalipiga likabomoka lote? Akasema basi hapo huachi hata moja, unabomoa nguzo mpaka chini, na unamshukuru Mungu umejua kabla ya kupanda. Alisema ndiyo sababu nyingine ya kupiga nyundo kwanza. Unasikiliza. Zima linalia kama kengele, bovu linaitika kama ngoma iliyolowa. Nguzo zetu tano zimelia vizuri. Ya sita, ile ya kona ya nyuma, tumeibomoa.

Mtihani wa deti ni Februari. Nimerudi kwenye kozi siku zote mbili za wiki hii, nimekaa na L1. Mmoja wao, kijana mdogo, aliniomba nimweleze kwa nini maji mengi yanaharibu zege ilhali maji mengi yanaliponya. Nilimchorea ndoo mbili, moja ya kuchanganyia, moja ya kumwagilia. Wakaja wengine watatu kusikiliza.

Kaye bado iko kwa mama. Nilimwomba ukurasa, akaniambia chukua wa nyuma. Kwa hiyo naandika kuanzia mwisho kuja mbele, yeye anatoka mbele kwenda mwisho, na hatujui tutakutana mwezi gani. Wangu una jambo moja tu, deni la zege, na tarehe za siku nilizokwenda. Leo jioni motari wa kona amekuja kulipa makala nusu gunia, ile ya Februari ya mwaka jana. Mama amefungua kurasa za mwanzo kabisa, akamtafuta kwa kidole, akampigia mstari wake mmoja. Kisha akamwuliza kama anataka kuchukua nyingine.

Naenda kulala. Magunia yanataka maji kabla jua halijatoka.